Binti wa Kitanda cha Jirani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye kivuli, goti limetulia, na ile dawa ya kuchua hujaigawa tena kwa majirani. Mimi ni mzima sasa. Hilo neno "sasa" nimeliandika kwa makusudi, na najua macho yako yatalirudia, kwa hiyo tulia, usisimame kumwita dada. Nimepona. Nimeanza na mwisho ili usome mwanzo bila presha kupanda.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, wewe ukipokea simu unaweka spika. Nikikusalimia wewe, ananiitikia shangazi, ananiitikia fundi baiskeli wa pale nje, na mtu mwingine ambaye mpaka leo sijamjua ni nani. Haya ninayotaka kukueleza si ya spika. Tena nimegundua kwamba kwenye simu mimi ni mwongo hodari. Ukiniuliza habari, mdomo unajibu "nzuri" kabla sijaamua. Nadhani ni kazi imenizoesha. Kutwa nzima nimevaa hedifoni, napokea simu za watu waliokatikiwa maji, nawaambia mafundi wako njiani, na mimi wala sijui kama mafundi wameshaamka.

Yalianza na harufu. Jioni moja nilitoka kazini, nikafungua mlango wa chumba changu, nikakutana na harufu kama ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya maji, na chini yake kitu kama nyama iliyooza. Nikadhani ni bomba la sinki. Nikalimwagia maji ya moto, nikalimwagia dawa, wapi. Nikasogeza kitanda nikitafuta panya aliyekufa. Nikafua mapazia. Nikatupa godoro, mama, lile zuri. Mwishowe nikahama chumba kabisa, nikapanda ghorofa ya juu kwenye dirisha kubwa, na siku ileile nilipofunga mlango nikaisikia harufu iko palepale, kama tumehama pamoja.

Mtu anayeishi na mwenzake angegeuka tu na kuuliza, wewe, unasikia harufu hii? Angejibiwa ndiyo au hapana, na mambo yangeishia hapo. Mimi sikuwa na wa kumgeukia. Nilifikiria kumuuliza mwenye nyumba, nikaogopa atasema ndiyo. Nilifikiria kumuuliza jirani wa mlango wa pili, lakini yule tangu nihamie tunasalimiana kwa nyusi tu. Sasa mtu wa nyusi unaanzaje kumwambia aingie chumbani kwako anuse?

Kisha harufu ikanikuta kazini, na pale ndipo nilipoamini kwamba ninayenuka ni mimi. Nikaomba meza ya mwisho karibu na ukuta. Chakula cha mchana nikawa nakila kwenye ngazi. Nikizungumza na mtu naziba mdomo kwa kiganja, na nikiona kundi linacheka najua linanicheka mimi. Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Wenzangu, nimekuja kujua baadaye, walidhani naringa.

Zahanati walinipa dawa za mzio, halafu vidonge vya kuua vijidudu, halafu vingine vikali zaidi. Napata nafuu kidogo, kisha shavu linakuwa zito tena, na kamasi inatoka ya rangi ambayo sitaki kuitaja kwenye barua ya mama. Wewe ukinipigia nakwambia nina mafua. Uliniambia nivute mvuke, nikavuta, nikaona aibu kwamba unanitibu ugonjwa ambao nimekuficha.

Hatimaye wakanipeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ni mwanamke mfupi, mwenye haraka, anazungumza huku anaandika. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: harufu iko matundu yote mawili ya pua, au moja? Mama, sikuwa nimewahi kufikiria. Akaniambia nizibe tundu la kulia nivute hewa, kisha nizibe la kushoto. Ilikuwa ya kushoto peke yake. Akauliza kama nimewahi kuzibwa jino la juu upande huo. Nikakumbuka lile gego ulilonipeleka kuzibwa nilipomaliza shule, ukanipa mkono wako niushike, nikakuachia alama za kucha.

Akanipulizia ganzi puani, akaingiza kamera nyembamba kama mrija wa soda, akachungulia, akaguna. Kisha akanipeleka kupigwa picha ya CT. Ajabu kujiona hivyo, mama, mifupa mitupu. Alinionyesha kwamba ndani ya mashavu kuna vyumba vitupu vya hewa, kila upande chake. Cha kulia kilikuwa cheusi, ndiyo hewa, ndivyo inavyotakiwa. Cha kushoto kilikuwa kimejaa, na katikati yake punje nyeupe zinang'aa kama vumbi la chuma. Akasema ni fangasi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi fangasi naijua ya miguuni na ya mkate. Akacheka kidogo, akaniambia mbegu zake ziko hewani, kila mtu anazivuta kila siku na hazimfanyi kitu. Ila fundi meno akiziba jino, mara nyingine dawa ya kuzibia inapenya kwenye mzizi, inachungulia ndani ya kile chumba cha hewa, na fangasi inapata pa kukaa. Inakusanyika miaka na miaka mpaka inakuwa donge. Hainili, alisema, imepanga tu, na vidonge haviwezi kuifukuza. Inabidi mtu apite puani, apanue dirisha la kile chumba, alitoe donge, na kupaosha.

Ndipo nikamuuliza lile swali nililozunguka nalo mwaka mzima. Daktari, wewe unaisikia? Akaweka kalamu chini. Akainama, akaninusa karibu na uso, taratibu, kama mtu anavyonusa mtoto mchanga. Akasema, "Hapana. Hakuna kitu. Unaisikia wewe tu." Nikalia pale kitini mpaka akaniletea maji. Alidhani naogopa kisu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilizinduka nimejazwa pamba puani, napumulia mdomo kama samaki. Alinionyesha kichupa chenye tope la kahawia na vipande kama udongo mkavu wa mfinyanzi, akasema limetoka lote, kipande kitakwenda maabara kuhakikisha, na kwamba dawa ya fangasi sihitaji, nisafishe pua kwa maji ya chumvi tu. Walipotoa zile pamba nikavuta hewa. Mama, haikuwa na kitu. Ilikuwa hewa tupu. Nilikaa naivuta kama mtu anayekunywa maji.

Sasa naingia kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Kwenye kitanda cha jirani, upande wa dirisha, walikuwa wamemleta mama mtu mzima. Wodi nzima ilikuja kumwita Bi Vifungo, kwa sababu maisha yake yote aliuza vifungo, zipu na nyuzi kwenye mtaa wa mafundi cherehani. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimeshavaa nguo zangu, nasubiri karatasi za kuruhusiwa. Kabla hajaniitikia salamu aliitazama blauzi yangu akaniambia kifungo cha tatu si ndugu wa wenzake. Nikacheka, kidonda cha puani kikanikumbusha nisicheke.

Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, kope imeanguka, shavu limekufa ganzi. Alisema akijigusa ni kama anagusa shavu la mtu mwingine. Kisukari alikuwa nacho, na alikitibu siku anayokumbuka. Alidhani ni jino tu. Akaniomba nimshikie kikombe cha chai kwa sababu mdomo haukuwa unamtii, na nilikuwa bado nimekishika daktari alipofika. Ni yuleyule wangu. Alimmulika mdomoni kwa tochi, na juu, kwenye kaakaa, kulikuwa na doa jeusi kama mkaa. Nikaona kalamu yake inasimama. Aliingiza kamera palepale kitandani, akakata kipande kidogo, akamwambia nesi akipeleke maabara kwa miguu yake na asirudi bila jibu.

Jibu lilirudi nikiwa bado nasubiri karatasi zangu. Lilikuwa fangasi. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikamwambia Bi Vifungo asiwe na wasiwasi, hata mimi ilikuwa hiyohiyo, wanaitoa tu unakwenda zako. Daktari akaniangalia kwa huruma, akaeleza kwamba jina ni moja lakini vitu ni viwili. Ya kwangu ilikaa chumbani bila kugusa kuta. Hii inakula kuta. Inaingia kwenye mishipa ya damu inaiziba, na nyama ikikosa damu inakufa, ndio ule weusi. Sukari ikiwa juu, inashamiri. Ilikuwa imeshafika nyuma ya jicho, na jirani wa jicho ni ubongo. Kilichokufa kilitakiwa kukatwa siku hiyohiyo, na jicho huenda likaondoka nacho. Baada ya hapo dripu ya dawa kali kwa wiki nyingi, na sukari ishushwe isipande tena.

Bi Vifungo akasema, "Nimekuja na macho mawili, nitaondoka na mawili." Akageukia dirishani.

Daktari akauliza ndugu zake wako wapi, aje hata mmoja wa kusimama naye. Akajibu bila kugeuka kwamba mume alitangulia, dada zake walitangulia, watoto hakujaliwa, na waliobaki ni wateja. Nesi aliyeingia zamu asubuhi ile, ambaye hakunijua, aliniona nimeshika kile kikombe, akaniuliza, "Kwani wewe si binti yake?"

Nikasema ndiyo.

Sijui ilitoka wapi, mama. Labda ni kwa sababu katika jiji hili lote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi ni wa nani. Bi Vifungo akanigeuzia lile jicho zima, nami nikajua nimeumbuka mchana kweupe. Kisha akasema kwa ukali wa mtu aliyechoka, "Binti gani huyu? Anakuja kumwona mama yake hospitali hana hata kitana!" Daktari alijua. Faili langu alilisoma mwenyewe, na jina lako limo. Alitutazama sote wawili, akaichukua kalamu, akaandika: binti.

Walipotuacha peke yetu akaniuliza, "Haya, binti. Ungekuwa wangu kweli ungesemaje?" Nikamwambia ningemtaka hata bila jicho. Akasema yeye na uzee wake ndiyo kwanza anazaa, na amezaa king'ang'anizi. Akamwita nesi, akasaini mwenyewe karatasi ya kukubali upasuaji.

Jicho liliondoka, na sehemu ya shavu, na kaakaa upande ule. Alipoweza kuongea, kwa sauti ya puani, alisema si kitu, sindano nayo ina tundu moja na inashona. Nikitoka kazini nikawa naenda huko moja kwa moja. Ile dawa ya dripu ilimtetemesha mpaka kitanda kinagongana na ukuta. Nilikuwa naikumbatia miguu yake mpaka itulie. Daktari alimchungulia kwa kamera tena na tena, akikwangua kilichobaki, mpaka siku moja akatoka akitabasamu, akasema kingo zote zina rangi ya waridi, damu imerudi, fangasi imesimama. Siku hiyo nilisuka nywele zake upya. Nilikuwa nimenunua kitana.

Mwanzoni aliniita mwanangu nesi akiwa karibu tu. Baadaye alianza kuniita hivyo hata tukiwa peke yetu.

Lakini dawa iliyoiua fangasi ilizichosha figo zake. Walipunguza, wakabadilisha, wakamwekea maji, uso ukavimba tena, safari hii pande zote mbili. Hakulalamika. Aliniuliza habari zako. Nilimweleza jinsi unavyopokea simu, akavunjika mbavu, akasema angependa kuwa kwenye spika siku moja aitikie salamu.

Hospitali walikuwa na namba ya kazini kwangu, maana simu zetu tunaziacha kabatini. Siku hiyo nilikuwa naongea na mteja anayefoka kuhusu mita yake. Mkuu wa zamu, mtu ambaye hajawahi kuniita kwa jina, ananiita meza ya ukutani, alikuja nyuma yangu, akanivua hedifoni polepole kwa mikono yake, akasema, "Pole sana, dada. Wamepiga simu. Mama yako hatunaye."

Mama, kwa muda ambao siwezi kuupima, ulikufa. Niliuona mlango wetu, na ndala zako zimepangwa nje, na hakuna wa kuzivaa. Kisha akasema hospitali wanataka niende, ndipo nikaelewa ni mama yupi. Na kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Nilifurahi kwamba ni yeye na si wewe. Kilio kilikuja baada ya hapo. Wenzangu wote wakainuka wakanizunguka, wakanishika mabega. Hawakujua kwamba nusu ya kile kilio kilikuwa aibu.

Nilimzika kama mtoto anavyomzika mama. Mafundi cherehani walikuja, watu wachache wa heshima, kila mmoja na futi ya kupimia imening'inia shingoni kwa mazoea. Nilitegemea wataniuliza natoka wapi. Mmoja wao akaniambia tu kwamba alikwenda kumwona wodini, naye akamnong'oneza kwamba amepata mtoto uzeeni, asimwambie mtu, watu wana vijicho.

Kesho yake wenzangu wa kazini wakaja chumbani kwangu. Mama, tangu nianze kupanga hapa jijini sijawahi kupata mgeni. Walikaa kitandani, wakakaa sakafuni, mmoja alikalia ndoo. Mkuu wa zamu alisimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Hata jirani wa nyusi aliingia, kumbe ana sauti nzuri. Wakaniambia habari za mama zao, waliokufa na walio hai. Dada wa meza ya pili alisema siku zote alitaka kunikaribisha kwake ila aliniona sitaki watu. Waliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, nikawaambia: mkali, mcheshi, hapendi kubembelezwa. Na nilipokuwa nasema sikujua nawaeleza yupi kati yenu.

Sikuwasahihisha. Ningesemaje? Kwamba aliyekufa nimemjua wodini tu? Wangechukua pole zao na kuondoka, na mimi nilikuwa nimefiwa kweli.

Kwa hiyo mama, ukweli ni huu, na ndio ulionifanya nisithubutu kupiga simu: huku kazini kwangu wewe umeshakufa. Watu wamekulilia. Nawe umesema mwisho wa mwezi unakuja kunitembelea, umeshaanza kufunga mizigo. Nimekaa na jambo hili nikakosa usingizi. Ningeweza kukwambia usije, barabara mbaya, nina kazi nyingi. Sitaki. Njoo. Kabla hujafika nitawaambia wote, mmoja mmoja, na wakinikasirikia watakuwa na haki. Wakicheka, tutacheka nao. Lakini nimeona wewe ndiye unayestahili kujua kwanza, kwa kuwa nafasi yako nilimpa mtu bila kukuomba ruhusa.

Usinichukulie kwamba ulinipungukia. Ulikuwa mbali, na yeye alikuwa kitanda cha jirani. Nilimwita mama kwa mdomo huuhuu ninaokuita wewe, na nilipomwita nilimaanisha.

Nina ombi moja. Pole nyingi nimepewa, lakini zote zilikuwa zako, wewe uliye hai. Yeye hajaliliwa na mtu aliyejua nimempoteza nani. Nikifikiria ni nani anayeweza kunipa pole ya kufiwa na mama, nakuona wewe tu. Ukimaliza kusoma, nipe pole hiyo, mama. Hata kama ni kwa maneno mawili.

Msalimie sana dada na wanawe, shangazi mbusu mikono. Tunza goti, usibebe mizigo mizito ukija, mimi nitakuwa kituoni mapema, utaniona kabla sijakuona. Nakutakia siku njema zenye afya, na kila unayekaa naye kivulini namsalimu.

Mimi mwanao wa mwisho,
ninayekupenda.